Faili Zilizokatwa Mikia

Mtaani walimwita Mkasi, na hawakumwita hivyo kwa ubaya. Alikuwa fundi wa nguo asiyeweza kuona uzi unaning'inia akauacha salama. Ukisimama naye kusalimiana, kabla hujamaliza kuuliza habari za nyumbani, mkono wake umeshafika kwenye kola yako na kile kimkasi alichokivaa shingoni kwa utepe, na uzi umekwenda. Mwalimu mmoja wa hesabu aliwahi kukatwa uzi wa suruali akiwa kwenye foleni ya benki, mbele ya wanafunzi wake wa zamani, na akasema asante, maana angesema nini?

Duka lake lilikuwa chumba kimoja kirefu chenye dirisha upande wa barabara. Mbele ilikaa meza ya kukatia, katikati cherehani mbili, na nyuma kabisa, chini ya shuka jeupe, mashine ya kudarizi. Hiyo ndiyo iliyokuwa moyo wa duka. Unabana kitambaa kwenye fremu, unachomeka flashi yenye nakshi, unabonyeza, na mashine inashona yenyewe maua, majani na nembo za shule, wewe umekaa pembeni unakunywa chai. Mashine hiyo aliiacha dada yake Mkasi, marehemu, na nakshi zote alizichora yeye kwenye kompyuta. Dada alikuwa na mkono mwema wa kazi, hilo hata waliomwonea wivu walikubali. Alichora waridi, akaiambia sindano ipite wapi na irudi wapi, na likishashonwa unashikwa na hamu ya kulinusa.

Dada alipofariki alimwacha pia binti mdogo, ambaye wakati huo meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka na mengine hayajaota. Mkasi akamlea. Mtoto akamwita mama mdogo, kama ilivyokuwa haki yake, na watu wa mtaani wakamwita yule mtoto Binti, jina likamganda mpaka akawa mwanamke mzima. Alipokua akajifunza kompyuta, na wawili hao wakagawana kazi bila kukaa kikao: kitambaa na uzi vya Mkasi, kompyuta na flashi vya Binti.

Sasa, nakshi zile hazikuwa na majina. Zamani zilikuwa nayo, lakini kompyuta ya kwanza ilizima ghafla mwaka mmoja ikagoma kuwaka tena. Fundi wa mashine aliweza kuzitoa faili tumboni mwake, ila zikatoka na namba tupu. Fundi huyo walimwita Taratibu, kwa sababu alikuwa akisema neno, anapumzika, ndipo analitafuta la pili. Basi wakashona sampuli ya kila nakshi kwenye kipande cha kitambaa, wakaandika namba yake kwa kalamu, wakatundika ukutani. Binti alizijua zote kwa kichwa. Mkasi hakujua hata moja.

"Namba ni za wafungwa," alikuwa akisema. "Mimi niambie waridi, nitakuelewa."

Jumamosi ya wiki hiyo Binti alikuwa anaolewa, kisha anahamia mji mwingine na mumewe. Mchumba alikuwa mpima ardhi, kijana mwenye adabu, ambaye Mkasi alimpenda licha ya kwamba mashati yake yalikuwa na nyuzi kila kona. Gauni lilikuwa tayari, limebaki pindo tu. Na pindo lilikuwa na nakshi yake: mtambaa wa majani membamba na vichipukizi vilivyojikunja, nakshi ya mwisho ambayo dada aliichora, akiwa tayari anaegemezwa mito ili aweze kukaa. Mkasi alimuuliza siku ile ni ya nini. Dada akacheka kidogo, akasema, "Utaiona siku ya harusi." Mkasi hakuuliza tena. Miaka yote hiyo aliilinda kama mboni ya jicho. Wateja waliiona sampuli ukutani wakaitaka, akawaambia haishonwi, chagueni nyingine. Ilikuwa ya harusi ya Binti, na harusi hiyo ilikuwa imefika.

Lakini kitu kilichomnyima Mkasi raha hakikuwa pindo. Jumanne jioni, akiwa nyuma ya pazia la kujaribia nguo, alimsikia Binti akizungumza na mchumba wake kwenye simu.

"Labda wewe utangulie, mimi nifuate baadaye," alisema Binti kwa sauti ya chini. "Siwezi kumwacha hivi. Hata kufungua faili hajui. Nani atamwekea nakshi kwenye flashi? Hapana, sijamwambia. Nitamwambiaje?"

Mkasi alisimama nyuma ya pazia na pini mdomoni, na maneno yale yalimchoma kuliko pini. Yeye, aliyemfundisha mtoto huyo kushika sindano, ndiye sasa amekuwa mzigo wa kumchelewesha kwenda kwa mume wake! Hapohapo akakata shauri. Atajifunza kompyuta kwa udi na uvumba, na ataanza kwa kuzipa nakshi majina ambayo mtu mwenye akili timamu anaweza kuyakumbuka. Binti akikuta kila kitu kimekaa sawa, ataondoka na moyo mweupe.

Jumatano Binti akaenda kujaribu viatu. Mkasi akafunga mlango, akavaa miwani, akakaa mbele ya kompyuta kama mtu aliyeitwa kwenye usaili.

Kubadilisha jina alikuwa ameshaona kunavyofanywa. Alichukua sampuli ukutani, akasoma namba, akaitafuta kwenye folda, akabonyeza pale panapobonyezwa. Na hapo ndipo alipoona jambo lililomkera. Kila namba ilikuwa na mkia: nukta, halafu herufi tatu zisizosomeka. Nakshi zilikuwa na mkia wa aina moja, picha za nguo zilizokwisha kushonwa, ambazo Binti alizihifadhi humohumo, zilikuwa na mkia mwingine. Kompyuta, kwa heshima zake zote, ilipaka rangi namba peke yake ikauacha mkia nje, yaani ilimwonyesha kabisa kwamba hapa andika, pale usiguse. Lakini Mkasi aliona nini? Aliona uzi unaning'inia.

Akafuta vyote, namba na mkia wake. Akaandika "Waridi". Kikatokea kisanduku katikati ya skrini kikimuuliza, kwa kile Kiingereza chake cha ofisini, kama ana hakika, maana faili inaweza isifanye kazi tena. Mkasi alielewa sehemu ya kwanza. Katika maisha yake hakuwahi kuwa mtu asiye na hakika, na hakuwa na nia ya kuanza mbele ya kompyuta. Akabonyeza ndiyo.

Kwenye faili ya pili kikatokea tena. Ndiyo. Ya tatu, tena. "We kisanduku una kiherehere," alikiambia. "Nimeshasema ndiyo!" Pale ambapo picha na nakshi zilikuwa za ua lilelile, kompyuta ilikataa majina mawili yanayofanana, basi moja akaiita "Waridi" na nyingine "Waridi Tena", akasonga mbele bila kujali ipi ni ipi. Ile ya pindo aliipa jina kwa kituo, herufi moja baada ya nyingine: "Pindo la Binti". Na "Pindo la Binti Tena".

Alipomaliza, folda ilikuwa safi machoni pake, majina matupu yaliyonyooka. Akaichomeka flashi, akafuta vya zamani vyote, akaweka vipya. Mwisho akamwaga hata lile pipa la taka la kompyuta, kwa sababu duka lake halikuwahi kulala na taka. Usiku huo alilala fofofo, akitabasamu.

Alhamisi asubuhi Binti alifunua mashine, akabana ncha ya gauni kwenye fremu, akachomeka flashi. Akatazama kioo cha mashine. Akaichomoa flashi, akaipuliza, akaichomeka tena.

"Mama mdogo," aliita. "Mashine inasema flashi ni tupu."

"Tupu vipi? Nimeijaza jana kwa mkono wangu," alisema Mkasi, na akashindwa kuificha furaha yake. "Nilitaka kukushtukiza. Fungua kompyuta uone. Nimezipa majina zote!"

Binti akafungua. Folda nzima ilikuwa imejaa vikaratasi vyeupe. Hapakuwa na alama ya nakshi wala picha, vikaratasi tu, kila kimoja na jina lake zuri chini.

"Mikia iko wapi?" aliuliza Binti.

"Nimeikata."

"Yote?"

"Ilikuwa inaning'inia," alisema Mkasi, na sauti yake ikaanza kupungua. "Nikasema niisafishe."

"Na za kwenye flashi, zile za zamani?"

"Nimefuta. Sasa zikae mbilimbili za nini?"

"Na pipa la taka?"

Mkasi akakigusa kile kimkasi shingoni. Binti akaelewa. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali apige. Alikaa tu kwenye kiti, akaweka mikono mapajani, akatazama sampuli ya pindo pale ukutani, kipande kidogo cha kitambaa chenye majani ya mama yake.

"Ile ya pindo haipo mahali pengine," alisema polepole. "Ilikuwa hapa tu."

Mkasi akatoka nje kwa mlango wa nyuma, kwenye kiuga cha kuanikia vitambaa. Akasimama kati ya mashuka yaliyolowa akalia, tena si kilio cha kistaarabu. Dada yake alikuwa amekwisha kufa mara moja, na sasa yeye, kwa mikono yake mwenyewe, alikuwa amekifuta kile kidogo kilichobaki. Majani yale aliyachora akiwa hawezi hata kushika kikombe. Aliyachora kwa ajili ya siku moja, na siku hiyo ilikuwa keshokutwa, na mtu pekee aliyekabidhiwa kuyalinda ameyaharibu kwa sababu ya usafi! Alikishika kile kimkasi shingoni, akakivua, akakitupa kwenye beseni la maji.

Aliposikia sauti ya Taratibu ikitoka ndani, ndipo alipofuta uso. Binti alikuwa amempigia simu na kuiweka mezani ili sauti isikike chumba kizima.

"Msifute... kitu kingine," alikuwa akisema Taratibu. Kwa kawaida maneno yake yalimchosha Mkasi, lakini leo aliyasubiri moja baada ya jingine mlangoni. "Wala... msibadilishe. Faili hazijafa."

"Hazijafa?" Mkasi aliingia mbio mpaka kwenye meza. "Fundi, rudia hapo."

"Hazijafa, mama. Kilichomo ndani... kiko vilevile. Ule mkia ndio unaoiambia mashine... hiki ni kitu gani. Usipokuwepo, mashine inapita tu... kama haikuona."

Mkasi akafikiri. "Yaani ni kama makopo ya jikoni. Nimebandua vibandiko. Chumvi bado ni chumvi, sukari bado ni sukari, ila nje yote ni makopo."

"Ndiyo... hivyo hivyo."

"Na nikibandika sukari kwenye kopo la chumvi?"

"Chai... itakuambia," alisema Taratibu, na Binti, aliyekuwa karibu kulia, akacheka bila kupenda.

Taratibu akawapa utaratibu wake. Kwanza kabisa, wanakili folda nzima na kuiweka pembeni, na ile ya asili isiguswe na mtu. Kazi yote ifanyike kwenye nakala, ili wakikosea iharibike nakala tu. Kisha warudishe mkia wa nakshi kwenye nakshi na wa picha kwenye picha, bila kuchanganya. "Nitawapigia... baada ya muda," alisema, na kwa kumjua, hakuna aliyeuliza muda gani.

Wakanakili. Binti akaichukua nakala ya "Pindo la Binti", akaongeza nukta na herufi tatu za nakshi, akaiweka kwenye flashi, akaichomeka. Jina likatokea kwenye kioo cha mashine. Mkasi akashika meza. Binti akabonyeza. Mashine ikalia mlio mmoja wa hasira, ikawasha taa nyekundu, ikakataa.

"Imekufa," alisema Mkasi.

"Hapana, subiri."

"Imekufa, mwanangu. Fundi anatupa moyo tu, yule mtu hana roho ya kumwambia mtu ukweli."

"Mama mdogo, kaa chini," alisema Binti, kwa sauti ileile ambayo Mkasi mwenyewe alikuwa akimtuliza nayo zamani kwenye foleni ya sindano za chanjo. "Umesema mwenyewe. Hili huenda ni kopo la chumvi. Ziko mbili, ama sivyo? Hii na ile ya 'Tena'."

Akaifuta ile nukta na herufi zake, akaandika mkia wa picha. Kisanduku cha kiherehere kikauliza kama ana hakika. Safari hii alikuwa nayo. Kikaratasi cheupe kikageuka mbele ya macho yao, ikawa picha ndogo ya sampuli ya pindo, imepigwa ukutani palepale na kivuli cha feni juu yake. Kopo lilikuwa la chumvi kweli, na chumvi ilikuwa nzima.

Simu ikaita. Taratibu alikuwa amekumbuka jambo. Badala ya kubahatisha, alisema, wafungue nakala kwa ile programu ya maandishi matupu. Wataona takataka tupu, wasiogope, wasiandike wala kuhifadhi chochote. Watazame mwanzo tu. Nakshi ya kudarizi huanza na herufi mbili, L na A, zikifuatwa na nukta mbili na neno. Picha haina hizo.

Binti akafungua nakala ya "Pindo la Binti Tena". Skrini ikajaa alama za ajabu, nukta, vistari, herufi zenye mapembe, kana kwamba paka amepita juu ya kibodi. Lakini juu kabisa, mwanzoni, palisomeka vizuri. L, A, nukta mbili. Halafu maneno mawili kwa herufi kubwa.

MDOGO WANGU.

"Hii nini?" Mkasi alinong'ona.

"Fundi," alisema Binti kwenye simu, "kuna maneno. Baada ya zile herufi mbili kuna maneno."

"Ah. Hilo ni jina... aliloipa mchoraji siku ya kuihifadhi. Jina la nje likipotea... la ndani hubaki."

"Sasa miaka yote hii mbona hukutuambia?"

"Hamkuniuliza," alisema Taratibu bila kinyongo, akaaga.

Barabarani mtu alikuwa akisukuma toroli lenye gurudumu bovu, likipita na mlio wake mpaka likapotea. Binti aliyasoma tena yale maneno, kisha akageuka kumtazama mama yake mdogo, ambaye alikuwa amevua miwani na kuishika kifuani.

Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani ambaye marehemu alimwita hivyo. Kwa mwanawe, majina yalikuwa kipenzi, mama, mchokozi. "Mdogo wangu" alikuwa Mkasi. Mdogo wangu nisaidie uzi huu, mdogo wangu umekula, mdogo wangu usilie.

"Harusi aliyoisema ilikuwa yako," alisema Binti.

Mkasi aliketi. Wakati ule, dada alipokuwa akichora akiegemea mito, kweli palikuwa na harusi iliyokuwa ikingojwa. Palikuwa na seremala mmoja, mtu wa mikono mizuri na maneno machache. Siku ilikuwa haijapangwa, lakini kitanda alikuwa ameshaanza kukitengeneza. Mkasi alikuwa amelisahau jambo hilo kwa namna ambayo mtu husahau chumba ambacho haingii tena. Na kwa miaka yote hiyo, kila alipoitazama sampuli ile, hakuwahi hata mara moja kudhani kwamba dada yake, katika maumivu yale, alikuwa amekaa anamwaza yeye.

"Nilisikia watu wakisema habari za seremala," alisema Binti, machozi yakimlengalenga. "Kwamba ulimwacha kwa ajili yangu."

"Watu wana midomo," alisema Mkasi. "Sikiliza nikuambie, na usinikatize. Yule mtu alitaka mke asiye na mtoto mkononi. Akaniambia nichague, nikachagua palepale, hata chai sikumaliza. Sikukupenda kwa kulazimishwa. Na sijajuta hata siku moja, hata ile siku ulipopaka rangi ya kucha kwenye kitambaa cha bibi harusi wa watu."

Binti akamkumbatia, wakalia pamoja, na kilio hiki kilikuwa tofauti na kile cha kwenye mashuka.

"Basi pindo hili si langu," alisema Binti alipoweza kusema.

"Ni langu? Haya, kama ni langu, nampa nimtakaye. Lete gauni."

"Lete lako kwanza."

"Langu lipi?"

"Hilo la Jumamosi, lile la kijivu lisilo na hata ua moja, kana kwamba unakwenda kusaini kitu. Lete hapa. Mama alikuchorea wewe, utavaa."

Mkasi alibisha, kwa sababu asingekuwa Mkasi bila kubisha. Alisema ni mzee, alisema watu watacheka, alisema uzi wa kijani umebaki kidogo. Binti alikuwa ameshalitoa gauni la kijivu kwenye hanga na ameshalibana kwenye fremu. Wakarudisha mkia wa nakshi kwenye nakala, wakaiweka kwenye flashi. Mashine ikaisoma, ikanyamaza kidogo, kisha ikaanza. Sindano ilishuka na kupanda, jani likatoka, na la pili, na kichipukizi kikajikunja palepale ambapo dada alitaka kijikunje. Mkasi aliweka kiganja juu ya meza ya mashine na kuisikia ikitetemeka.

Kisha akainuka, akaenda kwenye kompyuta.

"Hizi nyingine nitazirudishia mikia mimi," alisema. "Wewe kaa na uzi. Nimezikata mwenyewe, nitaziunga mwenyewe."

Mchana ule kazi ikageuka: Binti kwenye kitambaa, Mkasi kwenye kompyuta. Alifungua nakala moja moja, akatazama mwanzo, akafunga bila kuhifadhi, akaandika mkia unaostahili. Mwanzo alikuwa akiuliza kila hatua. Baadaye akaacha kuuliza. Na kila nakshi aliyofungua alisoma kwa sauti jina la dada lililokuwa ndani, kwa sababu dada, kumbe, hakuwa mtu wa kuzipa nakshi majina ya kawaida.

"JANI BOVU," alisoma.

"Lipi hilo?"

"Lile la kanisani! Watu wanalisifu mpaka leo. KICHWA KINAUMA. Hii ni nembo ya shule ya msingi, hata mimi ilinitoa jasho. SIPENDI ZAMBARAU." Alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa hajaisikia sauti ya dada yake kwa muda mrefu kiasi hicho, na sasa ilikuwa ikimchekesha kutoka kwenye takataka za kompyuta, faili baada ya faili, ikilalamika vilevile kama zamani.

Jua lilipofika dirisha la mbele, gauni la kijivu lilikuwa na pindo lake, na jeupe lilikuwa limefika nusu. Binti alipitisha mkono kwenye majani, akaona uzi mmoja unaning'inia kwa ndani.

"Mama mdogo, mkasi wako uko wapi?"

"Kwenye beseni, nje. Wacha nitaukata baadaye. Ukikatwa karibu na fundo ukafumuka, tutalia tena."

Alikuwa amebakiza faili moja. Mkia wake ulikuwa umesharudi, lakini jina la nje lilikuwa bado lile aliloipa mwenyewe jana. Akabonyeza panapobonyezwa. Kompyuta ikapaka rangi "Pindo la Binti Tena" peke yake, ikauacha mkia nje, kama kawaida yake. Mkasi akakaza macho kwenye ule mkia. Vidole vilimwasha, tusidanganyane. Akaviacha viwashe. Akaandika "Mdogo Wangu" mahali palipopakwa rangi, hakugusa pengine, akabonyeza.

Akangoja kisanduku kije kumuuliza kama ana hakika. Hakikuja. Nyuma yake, juu ya mlio wa mashine, alimsikia Binti akizungumza kwenye simu, akimwambia mpima ardhi wake kwamba hapana, asitangulie, wataondoka pamoja.